Mzigo wa Mwenzetu Tusiyemwona

Katika sharika zetu siku hizi wapo watu wanaosoma bila kuhama nyumbani. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anajifunza namna ya kuwafundisha watoto, mzee wa kanisa anasoma uongozi, mama wa umoja wa wanawake anasoma ushauri nasaha ili awasaidie wafiwa, kijana wa kwaya anasoma utunzaji wa hesabu. Wote wanasomea kwenye simu au kompyuta, usiku baada ya kazi, na wenzao wa darasa wako Bukoba, Songea, Nairobi, Bujumbura na hata Muscat. Hawajaonana uso kwa uso, na pengine hawataonana kamwe. Hata hivyo wanapewa kazi ya kufanya pamoja. Kikundi cha watu watano au sita kinapewa swali moja, kinagawana sehemu, kinajadiliana kwa ujumbe wa maandishi na wa sauti, kisha kinawasilisha andiko moja lenye majina ya wote.

Mahali hapo pa majina ndipo linapoanzia swali letu. Tuseme kikundi kina watu sita. Watano wamefanya sehemu zao. Wa sita alijitambulisha siku ya kwanza, akasalimia, akasema anafurahi kuwa pamoja na wenzake, kisha akanyamaza. Ujumbe anaotumiwa unaonekana umefika, lakini jibu halirudi. Kazi inatakiwa iwasilishwe kabla ya saa sita usiku. Je, tuandike jina lake? Tukiliandika, tumesema jambo ambalo si kweli. Tusipoliandika, ndugu yetu atapata sifuri, na huenda kozi nzima ikamharibikia.

Wengine watasema hilo ni jambo dogo la wanafunzi, wala halistahili kusumbua watu wazima wa imani. Sisi tunaona ni kubwa kuliko alama za mtihani. Ndani yake yanakutana mambo mawili tunayofundishwa tangu darasa la kipaimara: kusema kweli na kumhurumia ndugu. Siku nyingi mambo haya hutembea pamoja bila ugomvi. Hapa yanaonekana kugombana, na kila upande unadai kuwa wenyewe ndio wa Kikristo. Tujiulize basi kama kweli yanagombana, au yanaonekana hivyo kwa sababu tu hatumwoni mwenzetu.

Tuanze kwa kukumbuka kwamba kujifunza kwa mbali si kitu kigeni kwa kanisa. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni barua zilizotumwa kwa watu waliokuwa mbali. Mtume Paulo alipowaandikia Warumi alikuwa bado hajafika Rumi. Alipowaandikia Wakolosai, alikuwa akisema na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuona uso wake, na aliwaambia kwamba ingawa mwili wake haupo kwao, roho yake ipo pamoja nao. Tena aliwaagiza wakiisha kuisoma barua yao waipeleke kwa kanisa la Laodikia, nao waisome ile itakayotoka Laodikia. Makanisa mawili yalikuwa yakibadilishana masomo. Barua hizo zilisomwa kwa sauti mbele ya kusanyiko, watu wakasikiliza pamoja, wakaulizana pamoja.

Katika karne iliyopita kanisa lilirudia njia hiyo. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri ya nchini Guatemala ilianza kuwapelekea wanafunzi masomo huko huko waliko. Ilikuwa imeonekana kwamba viongozi wengi wa makanisa ya vijijini walikuwa watu wenye familia na mashamba, ambao hawangeweza kuacha vyote na kwenda kukaa chuoni. Kwa hiyo walisoma vitabu vyao nyumbani, na mara moja kwa wiki wakakutana na mwalimu katika kituo cha karibu. Mtindo huo ulienea katika nchi nyingi na kufika Afrika, na wapo wainjilisti na wachungaji waliopita katika njia hiyo. Nje ya kanisa nako ni hivyo hivyo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 ili mtu aweze kusoma shahada bila kuacha kazi wala mji wake. Moodle, programu inayotumiwa na vyuo vingi kuendesha masomo ya mtandaoni, ilibuniwa na Martin Dougiamas wa Australia, mtu ambaye utotoni aliishi jangwani na kupata masomo yake kwa redio, pamoja na wanafunzi wenzake asiowaona.

Umbali wenyewe, basi, si dhambi wala si upungufu wa kuonewa aibu. Lakini angalieni jambo moja katika mifano hii. Wale wa Guatemala hawakuacha mkutano wa kila wiki. Na yule mzee aliyeandika waraka wa pili wa Yohana alifunga barua yake kwa kusema kwamba alikuwa na mengi zaidi, ila hakupenda kuyaweka katika karatasi na wino, kwa maana alitumaini kufika na kusema nao ana kwa ana. Waliotutangulia walijua kwamba barua inafika, lakini kuna kitu ambacho barua peke yake haifikishi.

Kwa nini basi tusisome kila mtu peke yake? Vitabu vipo, video zipo, mtihani upo. Kazi za kikundi zinachosha, na wengi wetu tungefurahi kuziepuka. Jibu moja limo katika habari ya towashi wa Kushi, mtu aliyesoma, mwenye cheo, aliyekuwa na chuo cha nabii Isaya mikononi mwake ndani ya gari lake. Filipo alipomwuliza kama anayaelewa anayoyasoma, alijibu kwamba hataweza mpaka apate mtu wa kumwongoza. Jibu jingine limo katika habari ya Apolo, msemaji hodari aliyeyajua Maandiko, lakini Prisila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mtu mwenye akili nyingi bado alihitaji watu wa kumwambia pale ambapo hajafika.

Katika masomo ya mtandaoni jambo hili limeonekana wazi. Mwaka 2011 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walifungua kozi yao kwa mtu yeyote duniani bila malipo. Walijiandikisha watu wapatao 160,000. Waliofika mwisho walikuwa zaidi kidogo ya 20,000. Sababu za wengine kuacha ni nyingi, wala si vema kuwahukumu. Huenda wengi walitaka kuonja tu. Lakini kila aliyewahi kusoma peke yake usiku anajua ilivyo rahisi kuacha mahali ambapo hakuna mtu atakayeuliza, “Mbona jana hukuonekana?” Kazi ya kikundi, pamoja na usumbufu wake wote, inaweka watu watano wenye haki ya kuuliza swali hilo.

Tatizo ni kwamba kundi lina ugonjwa wake. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu waliokuwa wakivuta kamba. Aligundua kwamba kadiri watu walivyoongezeka, nguvu ya kila mmoja ilipungua. Walipokuwa wanane, kila mmoja kwa wastani alitoa karibu nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipokuwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa pamoja. Lakini mwaka 1979 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Bibb Latané waliwafunga watu macho na kuwavika vipokea sauti masikioni, wakawaambia wapige kelele kwa nguvu zote. Walipodhani kwamba wako katika kundi, ingawa kwa kweli kila mmoja alikuwa akipiga kelele peke yake, sauti zao zilipungua. Mtu anapodhani sauti yake imefichwa na sauti za wengine, huipunguza bila hata kukusudia.

Wazee wetu waliolima kwa ujima walilijua jambo hili bila vipimo. Shamba la mwenzao lilipolimwa, liligawanywa ngwe, kila mtu na kipande chake, na watu wakasonga mbele bega kwa bega. Ngwe ilikuwa hekima kubwa. Kazi ilikuwa ya wote, lakini kipande kilikuwa cha mtu. Aliyebaki nyuma alionekana, na aliyemaliza mapema aliweza kuvuka kuingia katika ngwe ya mwenzake na kumsaidia, na watu wote wakaona nani amesaidiwa na nani amesaidia. Hakuna aliyeaibika, kwa sababu leo ni mgonjwa huyu na kesho ni yule. Na aliyekaa chini ya mwembe akinywa uji wakati wenzake wanalima, naye alionekana.

Hapa ndipo kundi la mtandaoni linapotofautiana na shamba. Shambani, mvivu na mgonjwa hawafanani. Mmoja yuko kivulini anacheka. Mwingine anatetemeka kwa homa, na jembe linamponyoka. Katika kikundi cha simu wote wawili wanaonekana kwa namna moja tu, nayo ni kimya. Anayetegea ananyamaza. Aliyefiwa ananyamaza. Aliyeishiwa bando ananyamaza, na anaona aibu kusema kwamba hana pesa ya kununua jingine. Yule ambaye umeme umekatika kwao siku tatu ananyamaza. Asiyeelewa swali, anayeona Kiingereza cha wenzake kinamzidi, ananyamaza kuliko wote. Kimya chao ni kimoja, na sisi tulio upande wa pili tunakijaza kwa mawazo yetu. Wenye huruma tunasema, “Maskini, atakuwa na shida.” Wenye hasira tunasema, “Huyu anataka mteremko.” Wote hatujui.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ni kweli kuhusu jinsi tulivyo, lakini si agizo la jinsi tunavyopaswa kuwa. Na walisema pia kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ukiwa juu ya kichwa cha mtu mwingine, machoni petu unakuwa mwepesi. Ukiwa juu ya kichwa tusichokiona kabisa, hatuoni hata kanda lenyewe.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza, kabla ya kuuliza kama jina liandikwe, ni kumtafuta mwenye jina. Mchungaji aliyepotelewa na kondoo mmoja kati ya mia hakuanza kwa kufanya uchunguzi kama kondoo huyo alipotea kwa ujinga, kwa ukaidi au kwa kuvunjika mguu. Aliondoka kwanza akamtafuta. Sababu ingejulikana akishampata. Katika kikundi cha mtandaoni kutafuta kuna maana nyepesi sana: mtu mmoja aache kuandika katika kundi ambamo wote wanasoma, ampigie simu yule aliyenyamaza, amsalimie kwanza, aulize habari za nyumbani, ndipo aulize habari za kazi. Lawama iliyoandikwa mbele ya watu watano humfanya mnyonge anyamaze zaidi. Simu ya mtu mmoja mara nyingi humfungua. Na isifanyike saa tatu kabla ya kuwasilisha. Ifanyike siku ya pili ya kimya, wakati bado kuna nafasi ya kusaidia.

Tuseme sasa tumempata, na amesema. Tufanye nini? Hapa tunahitaji sura ya sita ya Waraka kwa Wagalatia. Katika aya ya pili Mtume anatuagiza tuchukuliane mizigo, na anasema hiyo ndiyo sheria ya Kristo. Aya tatu tu mbele anasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Wengi wamesoma wakadhani anajipinga. Hajipingi. Katika Kigiriki ametumia maneno mawili: la kwanza ni baros, uzito unaomwelemea mtu, la pili ni phortion, shehena ambayo mtu amepangiwa kuibeba. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union waliiona tofauti hiyo, ndiyo maana mahali pa kwanza tunasoma mzigo na mahali pa pili tunasoma furushi. Furushi ni la mtu. Ni ngwe yake. Mzigo ni kile kinachoongezwa juu ya furushi hata mtu asiweze kusimama: msiba, ugonjwa, ukata, upweke, kutoelewa.

Tukishika tofauti hii, mengi yananyooka. Mwenzetu aliyeishiwa bando ana mzigo, na unachukulika: watano wakichanga kidogo kidogo, anapata bando la wiki. Asiye na kompyuta ana mzigo: aseme sehemu yake kwa ujumbe wa sauti, mwingine aichape kama alivyosema. Asiyeelewa swali ana mzigo: mmoja akae naye kwenye simu nusu saa. Lakini katika yote haya mawazo yanabaki kuwa yake, na sehemu inabaki kuwa yake. Tumembebea mzigo ili aweze kubeba furushi. Tukimbebea na furushi lenyewe, yaani tukimwandikia sehemu yake na kuweka jina lake, hatujamsaidia. Tumemnyang'anya kile alichokuja kukitafuta.

Wala tusimsahau ndugu wa upande wa pili, yule hodari. Katika kila kikundi yupo anayeona wenzake wanachelewa, akaamua kuandika yote mwenyewe usiku mmoja, kisha akatuma akisema, “Nimemaliza, msijali.” Wenzake wanamshukuru, na yeye anajiona ametenda mema. Lakini amewalimia ngwe zao wote, na wao wamebaki na majembe yao mikononi. Yethro alimwona Musa akikaa peke yake kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na hakumsifu kwa bidii yake. Alimwambia kwamba hafanyi vema, kwamba atajichosha yeye pamoja na watu alio nao. Upendo wa kufanya yote peke yake unafanana sana na kiburi, na kwa mbali ni vigumu kuvitofautisha. Leo hatari hii imeongezeka, maana mtu anaweza hata kuikabidhi programu ya akili mnemba sehemu yake, ikaandika kurasa tano kwa dakika moja. Kundi litaona sehemu imejaa. Furushi litakuwa halijabebwa na mtu yeyote.

Tumefika sasa kwenye swali gumu. Tumetafuta, tumepiga simu, tumetoa msaada, na bado mwenzetu hakufanya chochote. Au tumegundua kwamba amefiwa na mzazi na hawezi kabisa. Je, jina?

Wapo watakaosema tuliandike tu, na hoja yao si ya kudharau. Watasema sisi si watu wa kuhesabiana. Watataja mfano wa Bwana wetu kuhusu wakulima wa shamba la mizabibu, ambao waliokuja saa ya kumi na moja walipokea dinari ile ile ya waliotaabika kutwa. Kama Mungu mwenyewe hapimi kwa saa, sisi ni nani?

Tuutazame mfano huo kwa makini. Mwenye shamba alitoa mali yake mwenyewe. Aliuliza kama si halali kwake kutumia vilivyo vyake kama apendavyo. Alama za kozi na cheti si mali yetu. Tukiandika jina la asiyefanya kazi, tunakuwa wakarimu kwa mali ya mtu mwingine. Pia mwenye shamba hakudanganya. Hakuna aliyeandika katika daftari kwamba wale wa saa ya kumi na moja walianza alfajiri. Watu wote walijua walikuja saa ngapi. Ndiyo sababu wengine walinung'unika. Neema ile ilitolewa hadharani, na kweli ikiwa imesimama pale pale.

Tena yupo mtu wa tatu ambaye katika kikundi hatumkumbuki. Kozi ya ushauri nasaha haiishii kwenye cheti. Siku moja mjane ataketi mbele ya mwenye cheti hicho na kumweleza yaliyomo moyoni mwake, akiamini kwamba huyu amefundishwa. Mtoto wa Shule ya Jumapili, mweka hazina wa usharika, kijana anayetaka kujidhuru, hawa wote hawakuwa katika kikundi chetu, na hatukuwauliza tulipoweka jina. Amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo inawalinda hao. Jina juu ya andiko ni ushuhuda. Tunasema mbele ya mkufunzi na mbele ya kanisa: huyu alikuwapo, huyu alifanya.

Je, tulifute basi, tufunge shauri? Hapana, kufuta kimya kimya nako si kweli yote. Jina lililokosekana linasema “hakutaka,” wakati huenda kweli yenyewe ni “hakuweza.” Kwa aliyefiwa, njia iliyo sawa ipo, nayo ni nyepesi kuliko tunavyoogopa. Kwa ridhaa yake, na bila kutangaza zaidi ya anavyotaka yeye, tunamwandikia mkufunzi kwamba mwenzetu hakuweza kushiriki kwa sababu ya msiba, nasi tunamwombea muda au kazi nyingine. Huruma tunaiomba kwa mwenye mamlaka ya kuitoa, mchana kweupe. Na kwa yule aliyetafutwa, akasaidiwa, na bado akachagua kutegea, tunasema kweli bila matusi: sehemu hizi zilifanywa na hawa. Tumwambie yeye kwanza kabla ya kumwambia mkufunzi, kama Bwana alivyoagiza kuhusu ndugu aliyekosa, kwamba mtu amwendee wakiwa wawili peke yao. Huenda tukampata ndugu.

Maandiko yana mfano mdogo mzuri wa jina lililowekwa mahali pake. Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, katikati ya salamu, tunakutana na mtu anayeitwa Tertio. Anasema yeye ndiye aliyeuandika waraka huo, maana yake aliandika kwa mkono wake maneno aliyoambiwa. Hakudai kwamba mafundisho ni yake. Wala hakujificha kana kwamba kazi ya mkono haina heshima. Alitaja ngwe yake, akasalimu katika Bwana. Katika sura hiyo hiyo Mtume anamtaja Fibi wa Kenkrea na kuwaomba Warumi wampokee na kumsaidia, kwa sababu yeye naye aliwasaidia wengi. Majina katika sura hiyo ni mengi, na mengi kati yake yana neno moja la kueleza mtu huyo alifanya nini. Kila kikundi cha wanafunzi kingeweza kuandika hivyo chini ya kazi yake: huyu alikusanya habari, huyu alizipanga, huyu alisahihisha lugha, huyu aliwapigia simu wenzake kila jioni. Hiyo ya mwisho pia ni kazi, na mara nyingi ndiyo inayosahauliwa.

Kuna atakayesema kwamba yote haya ni kutaraji makubwa kwa watu wasiojuana. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Upendo nao wa mbali ni maneno matupu. Tunamjibu kwa habari ya changizo. Makanisa ya Makedonia na Akaya yalichanga fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, watu ambao wengi wa wachangaji hawakuwahi kuwaona. Walitoa, na Wamakedonia walitoa wakiwa wenyewe maskini. Paulo alipopanga kuzipeleka fedha hizo hakusema, “Sisi ni watu wa imani, tuaminiane tu.” Alituma pamoja nazo ndugu walioaminiwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate sababu ya kulaumu, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu. Huruma kwa wasioonekana na hesabu iliyo wazi vilisafiri katika mashua moja. Hakuna aliyeona kwamba uwazi unapunguza upendo. Uwazi ndio uliofanya upendo wa mbali uaminike.

Kwa hiyo tunarudi kwenye ugomvi tulioutaja mwanzoni. Tunaona kwamba kweli na huruma hazigombani. Kinachozigombanisha ni kuchelewa. Tukingoja mpaka saa ya mwisho, kinachobaki ni uongo wa upole au kweli ya ukatili, na tunalazimika kuchagua. Tukianza mapema, siku ambayo mwenzetu amenyamaza kwa mara ya kwanza, huruma inapata muda wa kufanya kazi yake, na kweli itakayoandikwa mwishoni haitamwaibisha mtu.

Sharika zetu zina sehemu yake pia. Tunapomtangaza ibadani mwanafunzi aliyehitimu, tunapiga makofi. Je, alipokuwa akisoma, kuna aliyemwuliza anasoma na nani? Ofisi ya usharika yenye intaneti inaweza kufunguliwa jioni mbili kwa wiki. Wanaosoma kozi mbalimbali wanaweza kukaa pamoja humo, kila mmoja na kundi lake la mbali, ili angalau apatikane mtu mmoja wa kuonana naye uso kwa uso. Jumuiya ya nyumba kwa nyumba inaweza kuombea majina ya wanafunzi wenzake walio Songea na Bujumbura, ingawa hakuna katika jumuiya aliyewahi kuwaona. Hayo hayahitaji mradi wala mfadhili.

Na yule wa sita aliyenyamaza? Jina lake tuliandike kwanza katika orodha ya watu wa kupigiwa simu leo jioni. Kama litaandikwa pia juu ya kazi, yeye mwenyewe atatusaidia kulijibu hilo, akishajua kwamba yupo anayemsubiri.